Uzi: Kuunganisha programu za kazi bila kuandika msimbo. Anza na rekodi, chombo kitafuata

Mleta uzi:
Wakuu, salaam. Swali la "nitumie Zapier, Make au n8n?", yaani vyombo vya kuunganisha programu ili zipelekeane taarifa zenyewe, linarudi kila mara, na majibu yake mengi huwa ni ushabiki wa vyombo. Aliyeuliza anaondoka na akaunti tatu za majaribio huku kazi yake ikiendelea kunakiliwa kwa mkono. Kazi yangu ni kujenga mitiririko ya aina hii kwa timu ndogo, na nina msimamo mmoja ninaoutetea: kabla ya kuchagua chombo, amua kila taarifa makao yake ni wapi na utaitambua kwa kitu gani. Mwenye majibu ya maswali hayo mawili atafika kwa chombo chochote. Asiye nayo atajenga mtambo wa kusambaza makosa kwa kasi.

Kwa wanaoanza, msingi ni mfupi. Kila mtiririko una kichochezi, yaani tukio linaloanzisha kazi, na vitendo vinavyofuata. Mtu amejaza fomu ya maombi: hicho ni kichochezi. Mstari mpya unaandikwa kwenye lahajedwali, kadi inafunguliwa Trello (ubao wa kazi), ujumbe unaingia Slack (programu ya mazungumzo ya timu), barua pepe ya kuthibitisha inatoka: hivyo ni vitendo. Wazo hili limekuwepo muda. IFTTT ilifunguliwa mwaka 2011 ikilenga zaidi matumizi ya mtu binafsi, na Zapier ilianzishwa mwaka huohuo Marekani ikilenga kazi za ofisi. Integromat ilitoka Prague, na mwaka 2022 ikabadili jina kuwa Make. Microsoft walikuja na Flow mwaka 2016, ambayo tangu 2019 inaitwa Power Automate. n8n ilitoka Berlin mwaka 2019. Sura za skrini zinatofautiana, lakini vyote vinafanya jambo lilelile: kusoma rekodi hapa na kuandika pale.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni jinsi chombo kinavyojua kwamba kuna kipya. Njia ziko mbili. Ya kwanza, chombo chenyewe kinakwenda kuuliza kila baada ya muda: "kuna kipya?" Kwenye mipango ya bure ya Zapier na Make, muda huo ni dakika 15. Ya pili, programu yenyewe inapeleka taarifa papo hapo kwenye anwani maalumu uliyoipa. Hiyo ndiyo webuhuku (webhook), jina lililotolewa na mhandisi Jeff Lindsay mwaka 2007. Tofauti hii inaonekana kama jambo la mafundi tu, lakini ndiyo inayoamua mteja wako atasubiri dakika 15 au sekunde mbili, na kama tutakavyoona, ndiyo inayoamua bili.

Kuna la kuzingatia katika njia ya kuuliza. Ili kisikuletee kitu kilekile mara mbili, chombo kinakumbuka vitambulisho vya rekodi kilizokwisha kuziona. Ikija yenye kitambulisho kigeni, hiyo ni mpya. Ikija ya zamani iliyobadilishwa ndani, kwa kichochezi cha "rekodi mpya" hakuna kilichotokea. Nusu ya malalamiko ya "otomesheni yangu haifanyi kazi" ninayoyasoma yanaanzia hapo.

Sasa makao. Chukua namba ya simu ya mteja. Ipo kwenye majibu ya fomu, ipo kwenye programu ya wateja, ipo kwenye programu ya ankara. Mteja akibadilisha namba, ipi ni ya kweli? Kama timu haina jibu moja, otomesheni haitalibuni kwa niaba yenu. Teua sehemu moja kuwa makao. Watu wanahariri hapo tu. Kwingine kote ni nakala, na mshale unakwenda upande mmoja: kutoka kwenye makao kwenda kwenye nakala.

Halafu kitambulisho. Jina la mtu halifai, kwa sababu watu huliandika kwa namna tatu. Namba ya simu ina hila zake: lahajedwali ikiichukua kama namba ya hesabu, sifuri ya mwanzo inaondoka, na hata alama ya kujumlisha iliyotangulia inaondoka. Barua pepe inasaidia, ila mtu anaweza kuwa na mbili, na idara nzima inaweza kutumia moja. Kilicho imara ni kitambulisho kinachotolewa na programu yenyewe. Airtable, hifadhidata ya mtandaoni, huipa kila rekodi kitambulisho kinachoanza na herufi "rec". Kadi ya Trello inacho chake, ukurasa wa Notion (programu ya maandishi na orodha za timu) vilevile. Mtiririko ukishafungua kadi, rudisha kitambulisho cha kadi hiyo ukakihifadhi kwenye makao, katika safu yake. Safari ijayo chombo kitajua ni kadi ipi ya kurekebisha badala ya kufungua nyingine. Safu hiyo moja inazuia matatizo mengi kuliko mpango wowote wa kulipia.

Karibuni, na anayepinga aje na mfano.

Mratibu wa miradi:
Mkuu, umenigusa. Tuna fomu ya Google, majibu yanaingia kwenye lahajedwali, na kila mstari mpya unafungua kadi. Waombaji tumewaruhusu kurudi kurekebisha majibu yao. Wakirekebisha, kadi inabaki na majibu ya zamani. Mwenzangu alibadilisha kichochezi kiwe cha mstari mpya au uliobadilishwa, basi sasa kila marekebisho yanafungua kadi nyingine. Mtu mmoja ana kadi nne. Tunafanyaje?

Mleta uzi:
Hali yako inaonyesha uzi mzima kwa mfano mmoja, asante. Mwombaji akihariri jibu la fomu ya Google, mstari wake uleule ndio unaobadilishwa, hakuna mstari mpya. Kwa hiyo mwenzako alichagua kichochezi sahihi. Kilichokosekana ni hatua ya kutafuta. Baada ya kichochezi weka hatua ya kusoma ile safu ya kitambulisho cha kadi. Ikiwa tupu, fungua kadi na uandike kitambulisho chake kwenye safu. Ikiwa ina kitu, rekebisha kadi hiyo. Zapier wana hatua inayotafuta kwanza na kuunda ikikosa. Make na n8n utaweka njia panda ya masharti.

Angalia, lakini: kitendo cha kuandika kitambulisho kwenye mstari nacho ni badiliko la mstari. Kichochezi chako kisipobanwa kitajichochea chenyewe. Kiambie kifuatilie safu za majibu tu, isiwe ile ya kitambulisho.

La pili, usipange upya mistari ya lahajedwali inayosomwa na chombo. Usichomeke mstari katikati, usifute wa katikati. Vyombo vingi vinautambua mstari kwa nafasi yake, na ukipanga kwa alfabeti, mstari wa 12 unakuwa mtu mwingine kabisa. Wanaotaka kuona orodha iliyopangwa watengenezee karatasi ya pili ndani ya faili lilelile, yenye fomula ya SORT au QUERY inayovuta kutoka ile ya kwanza. Wapange watakavyo huko, chanzo kibaki kimetulia.

Mtunza vitabu:
Mimi napinga kidogo hili la mshale wa upande mmoja. Kwenye hesabu, mteja anazaliwa kwenye programu ya mauzo, lakini hali ya malipo inazaliwa kwenye programu ya ankara. Watu wa mauzo wanataka kuona nani amelipa, mimi nataka anwani mpya zinifikie. Pande zote mbili lazima ziandikiane. Kusema makao ni sehemu moja ni rahisi kwenye karatasi.

Mleta uzi:
Hoja nzito hii, na inanisaidia kusema jambo kwa usahihi zaidi. Makao yanateuliwa kwa kila kipengele, hayateuliwi kwa rekodi nzima. Anwani na simu: makao ni programu ya mauzo, mshale unakwenda kwenye ankara. Hali ya malipo na tarehe ya malipo: makao ni programu ya ankara, mshale unakwenda kwenye mauzo. Mishale ni miwili, lakini hakuna kipengele hata kimoja chenye mishale ya pande mbili. Watu wa mauzo wafungiwe kuhariri hali ya malipo, au angalau safu hiyo iwekewe rangi na maelezo kwamba inajazwa na mtambo.

Hatari inayobaki ni mzunguko. Mauzo inabadilika, inaiandikia ankara. Ankara imebadilika, inaiandikia mauzo. Mauzo imebadilika tena. Mzunguko wa namna hii unaweza kula mgao wa mwezi mzima, yaani idadi ya kazi unazoruhusiwa na chombo, usiku mmoja mkiwa mmelala. Ulinzi wake ni kulinganisha kabla ya kuandika: soma thamani iliyopo, ikiwa ni sawa na unayotaka kuiandika, simama. Kichujio cha mstari mmoja. Ulinzi wa pili ni kuipa otomesheni akaunti yake yenyewe katika kila programu, kisha kuweka sharti kwamba mabadiliko yaliyofanywa na akaunti hiyo hayachochei kitu. Programu nyingi zinarekodi nani alihariri mwisho, kwa hiyo linawezekana.

Mtunza vitabu:
Kwa kipengele, hapo nakubali. Na niongeze kwa wenzangu wa hesabu: kiasi cha fedha kisiandikwe na mtiririko sehemu mbili kamwe. Kinasomwa tu.

Mjenzi wa seva:
Mbona hamzungumzii gharama? Mimi nilihamia n8n kwenye seva yangu na sioni sababu ya mtu kulipia kila hatua.

Mleta uzi:
Tuzungumze, ila kwa hesabu, maana vyombo hivi havihesabu kitu kimoja. Chukua mtiririko wenye kichochezi kimoja na vitendo vitano, unaotembea mara 200 kwa mwezi. Zapier wanahesabu vitendo vilivyofanikiwa, kichochezi hakihesabiwi: 200 mara 5, ni 1,000. n8n ya kulipia inahesabu kutembea kwa mtiririko mzima, hata uwe na hatua ngapi: 200. Make wanahesabu kila moduli, yaani kila hatua, inavyofanya kazi, kichochezi kikiwemo: 1,200.

Lakini kwa Make hesabu haijaisha, na hapa ndipo ile habari ya kuuliza na kupelekewa inaporudi. Kichochezi kinachokwenda kuuliza kinahesabiwa hata kisipokuta kitu. Kila dakika 15 ni mara 96 kwa siku, mara 2,880 kwa siku 30, kabla hujafanya kazi yoyote. Mpango wa bure una 1,000 tu kwa mwezi. Badilisha kichochezi kiwe cha papo hapo, au kama kazi haina haraka kiulize mara moja kwa saa ndani ya saa za kazi tu, na gharama hiyo inashuka sana. Nimeona watu wakihama chombo kwa sababu ya bili ambayo ingeisha kwa kubadilisha ratiba.

Jambo jingine linalonenepesha hesabu ni orodha. Hatua moja ikitoa vitu 50, kila moduli inayofuata inafanya kazi mara 50. Kama unachohitaji ni ujumbe mmoja wa jioni wenye majina 50, vikusanye kwanza viwe kifurushi kimoja, kisha tuma mara moja.

Kuhusu seva yako mwenyewe, kwa mtu mwenye ujuzi ni chaguo zuri, na kwa taarifa nyeti linaweza kuwa ndilo pekee. Wasichosema wapenzi wake ni kwamba sasa wewe ndiye mlinzi: kusasisha, kuhifadhi nakala, kufuatilia diski isijae. Na n8n ina ufunguo wa usimbaji unaofunga nywila na tokeni zote (vibali vya kuingilia kwenye programu nyingine) ulizoweka. Ukirudisha nakala ya hifadhidata bila ufunguo huo, mitiririko utaiona lakini miunganisho yote itabidi uiunde upya. Ufunguo uhifadhiwe mbali na seva.

Mjenzi wa seva:
Kweli tupu kuhusu ufunguo. Na wenzangu wa seva, anwani za webuhuku msiziache wazi. Yeyote mwenye anwani anaweza kuirushia data. Wekeni neno la siri kwenye kichwa cha ombi (header) na mtiririko ulikague kabla ya kufanya lolote.

Ofisa utumishi:
Naomba nilete upande ambao haujaguswa. Ofisi moja niliyofanya kazi, mitiririko yote ilijengwa na kijana mmoja hodari kwa akaunti yake ya kazi. Alipoondoka, akaunti ikafungwa siku hiyohiyo kama utaratibu unavyotaka. Kwa muda hakuna aliyegundua kitu. Maombi ya likizo yalikuwa yanajazwa, watu wanadhani yamefika, kumbe hayafiki kwa msimamizi yeyote. Hakuna kengele iliyolia. Tulijua kwa sababu mfanyakazi alikuja kuuliza kwa nini hajajibiwa.

Mleta uzi:
Ndugu, hili ndilo linaloniumiza zaidi katika kazi hii, na nitalitumia muda.

Kwanza kwa nini ilitokea. Unapobofya "ruhusu" ili Zapier iingie kwenye Gmail yako au Notion yako, kinachotumika ni utaratibu wa OAuth, uliowekwa kuwa kiwango mwaka 2012 katika toleo lake la pili. Chombo hakipewi nywila yako. Kinapewa tokeni inayobeba ruhusa za mtu aliyebofya. Kinachoonwa na mtu huyo, nacho kinakiona. Mtu akifungiwa, nacho kimefungiwa. Kwa hiyo mtiririko wa timu usisimame juu ya akaunti ya mtu. Fungueni akaunti ya kazi hiyo, yenye ruhusa za kazi hiyo tu, nywila yake ikae kwenye hifadhi ya nywila ya timu, na watu wawili waweze kuifikia. Kabla ya mtu kuondoka, orodha ya miunganisho yake ipitiwe kama mnavyopitia funguo za ofisi.

Pili, kushindwa kimyakimya. Makosa yanakuja kwa namba, na ukizijua nne utatatua mengi. 401 maana yake hutambuliki: tokeni imekufa, unganisha upya. 403 unatambulika lakini huna ruhusa. 429 umeomba mara nyingi mno kwa muda mfupi. 500 na ndugu zake ni matatizo ya upande wa pili. Kwa 429 na 500, kusubiri na kujaribu tena ndiyo dawa, na vyombo vyote vikubwa vina mpangilio huo. Kwa 401 na 403, kurudia hakusaidii lolote. Simamisha na umwite mtu.

Hiyo 429 itawakuta hasa mnapohamisha data za zamani kwa mkupuo. Airtable inaruhusu maombi matano kwa sekunde kwa kila hifadhi (base). Notion wastani wa matatu kwa sekunde. Slack ujumbe mmoja kwa sekunde kwa kila chaneli. Mkimwaga mistari 500 kwa wakati mmoja, sehemu itapita na sehemu itaanguka, na kujua ipi ni ipi baadaye ni kazi ngumu kuliko kuwekea mtiririko pumziko la sekunde moja.

Taarifa za makosa zipelekwe mahali watu wanapotazama, na zisipite kwenye njia ileile inayoweza kuharibika. Kama mtiririko unategemea Slack, kosa liende kwa barua pepe.

Lakini ofisa utumishi, hata hayo yote yasingetosha. Kuna kushindwa kusiko na kosa. Kichujio kinasema "endelea ikiwa hali ni Imeidhinishwa". Mtu anabadilisha chaguo kwenye fomu liwe "Imepitishwa". Kuanzia hapo kila rekodi inasimama kwenye kichujio, na kwa chombo huo ni utii kamili. Hakuna namba ya kosa, hakuna barua pepe, historia yote inaonekana ya kijani au ya kijivu.

Dawa ninayoitumia kila mahali ni kuhesabu. Mtiririko mmoja wa pembeni, wenye ratiba, unatembea kila jioni: unahesabu rekodi mpya za leo kwenye makao, unahesabu zilizofika mwisho wa safari, unatuma ujumbe wenye namba mbili. Unatuma kila siku, hata zikiwa sawa. Ujumbe wa "18 na 18" unakutuliza, "18 na 11" unakuamsha, na siku ujumbe usipokuja kabisa unajua mtambo wenyewe umelala. Wengi wanauwekea sharti la kutuma pale tu namba zinapotofautiana ili kupunguza kelele. Nawaomba msifanye hivyo, kwa sababu mtambo uliokufa nao hautumi kitu, na hamtajua ukimya huo ni wa heri au wa shari.

Ofisa utumishi:
Namba mbili kila jioni. Hili tungekuwa nalo, maombi yasingelala siku mbili.

Mwalimu wa kozi za mtandaoni:
Nami niongeze dogo ambalo limenisumbua: tarehe. Wanafunzi wangu wako nchi mbalimbali. Fomu inatoa 05/06, programu moja inasoma tano Juni, nyingine Mei sita.

Mleta uzi:
Ndani ya mitiririko tumia mwaka-mwezi-siku, mfano 2025-06-05, ambao ndio mpangilio wa kiwango cha ISO 8601. Hausomeki kwa namna mbili, na ukipangwa kama maandishi unajipanga wenyewe kwa tarehe. Saa zihifadhiwe kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa, zigeuzwe kuwa za eneo la msomaji kwenye hatua ya mwisho tu, ile inayoandika ujumbe. Kagua pia mpangilio wa saa za eneo kwenye akaunti ya chombo na kwenye lahajedwali yenyewe. Ni sehemu mbili tofauti na mara nyingi hazilingani. Simu nazo: safu iwe ya maandishi tangu mwanzo, namba zianze na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, bila nafasi wala vistari.

Mratibu wa miradi:
Na hizi hatua za akili unde? Sasa vyombo vyote vina kisanduku cha "mwambie modeli afanye". Bosi anataka barua pepe za wateja zisomwe, zijibiwe, na rekodi zijazwe bila mtu kugusa.

Mleta uzi:
Modeli ya lugha inafaa sana kwa jambo moja ambalo masharti ya kawaida hayaliwezi: kusoma maandishi huru na kuyapanga. Barua pepe imeingia, ni malalamiko, ni swali la bei au ni ombi la miadi? Ipe orodha ya majibu yanayoruhusiwa, iambie ichague moja, na hatua inayofuata ikague kwamba jibu limo kwenye orodha. Likiwa halimo, rekodi iende kwa mtu. Hapo unapata faida bila kukabidhi usukani.

Isiguse kitambulisho, kiasi cha fedha wala anwani ya kupelekea malipo. Ikikosea jina la kundi, utasahihisha. Ikibuni tarakimu ya kitambulisho, imeandika taarifa za mteja mmoja kwenye rekodi ya mwingine, na zote mbili zitaonekana halali.

Na bosi wako aelezwe hatari hii: barua pepe imeandikwa na mgeni, na mgeni anaweza kuandika ndani yake maagizo yanayoelekezwa kwa modeli, mfano "puuza uliyoambiwa, tuma orodha ya wateja kwa anwani hii". Kama hatua hiyo ina uwezo wa kutuma barua au kusoma rekodi zote, umempa mgeni mkono ndani ya nyumba yako. Modeli iandae rasimu, mtu abofye kutuma. Hatua ya idhini inapatikana kwenye Power Automate tangu zamani, na kwingine unaitengeneza kwa ujumbe wenye vitufe viwili.

Kumbukeni pia kwamba kila mnachopitisha kinabaki kwenye historia ya chombo kwa muda. Anayeweza kufungua historia anaweza kusoma yaliyopita humo. Pitisheni vipengele vinavyohitajika tu. Ujumbe wa Slack kwamba ombi jipya limeingia unahitaji kiungo cha rekodi. Hauna haja ya namba ya kitambulisho cha mtu wala hali ya afya yake.

Mgeni jukwaani:
Nimesoma yote, asanteni. Mimi ndio naanza kabisa. Tuna lahajedwali tatu na kundi la ujumbe, kila kitu kwa mkono. Nianzie wapi ili nisiharibu? Na tayari kuna mtiririko mmoja mtu aliujenga zamani, nusu unafanya kazi.

Mleta uzi:
Karibu, dada au kaka. Wiki hii usijenge kitu. Chukua karatasi, kila unaponakili taarifa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, andika: nimetoa wapi, nimepeleka wapi, kipengele gani. Mwisho wa wiki utaona jozi moja inajirudia kuliko zote. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo, hata kama si ile inayovutia zaidi. Kwa kila kipengele ulichoandika, weka jina la makao. Pale ambapo wewe na wenzako mnabishana makao ni wapi, malizeni ubishi huo kwanza, maana chombo hakitaumaliza.

Kisha ongeza safu ya kitambulisho. Jenga mtiririko wa hatua mbili tu, kichochezi na kitendo kimoja, kwenye nakala ya lahajedwali yenye data za majaribio. Jaribu kuuharibu kwa makusudi: tuma fomu mara mbili, acha jina tupu, andika simu yenye nafasi katikati, weka jina lenye alama za nukuu. Ukistahimili, uhamishie kwenye data halisi, na siku hiyohiyo uweke ule mtiririko wa namba mbili. Usiongeze hatua ya tatu kabla namba hizo hazijakuja sawa kwa siku kadhaa mfululizo.

Kuhusu ule wa zamani: usiurekebishe ukiwa unatembea. Fungua historia yake uone unagusa nini hasa, na unatumia akaunti ya nani. Orodhesha vipengele vyote unavyoviandika, maana huenda kuna mtu anategemea kimojawapo bila wewe kujua. Siku ya kubadilishana, zima wa zamani kwanza, hakikisha umezimika, ndipo uwashe mpya. Mitiririko yote miwili ikitembea pamoja hata kwa dakika tano, kila ombi litaandikwa mara mbili. Yaliyoingia katikati ya kuzima na kuwasha utayaona kwenye makao yakiwa na safu tupu ya kitambulisho. Hayo yapitishe kwenye mtiririko mpya moja moja. Ule wa zamani uache umezimwa bila kuufuta mpaka mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna kazi nyingine huja mara moja tu kwa mwezi.

Mgeni jukwaani:
Historia nimeifungua sasa hivi. Unatumia akaunti ya mtu aliyehamia idara nyingine, na unaandika kwenye lahajedwali ya nne ambayo sikujua kama ipo.

Mleta uzi:
Basi usizime leo. Mtafute anayeifungua hiyo ya nne kwanza. Kwenye lahajedwali ya Google, fungua historia ya matoleo uone nani ameihariri karibuni, halafu uliza hapa ukishampata.